Mama wa Milingoti

Hakuwa na kawaida ya kuutazama mlingoti anaotaka kuununua. Aliugonga. Alikuwa na spana kubwa aliyoibeba ndani ya mkoba wa kike, pamoja na tasbihi na kitambaa cha kujifutia jasho, na akifika mahali aliitoa, akainama, akagonga bomba la chini, kisha akasogeza sikio. Chuma kikilia vizuri, alikohoa kidogo na kuanza mambo ya bei. Kikilia kwa kukwama, kama mtu mwenye mafua, aliirudisha spana mkobani na kumwambia mwenye mali, "Huyu ameoza ndani. Muuzie fundi wa vitanda vya chuma."

"Lakini Mama, hii ni kama mpya. Tumepaka rangi juzi tu."

"Juzi ilikuwa inaenda harusi?"

Hakuna aliyemwita kwa jina. Hapa Busia mjini alikuwa Mama wa Milingoti, kuanzia sokoni mpaka kwenye geti la mpaka. Kule Angurai wazee wa Kiteso walimwita toto, ambalo kwao ni mama, na wafanyabiashara wa ng'ambo, wa Uganda, walimwita nyabo, yaani bibi, huku wakimlalamikia bei. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, nawaachia wanaopenda kubishana, na mjini petu hao hawajawahi kupungua. Mimi nilimjua akiwa tayari mtu mzima, mwenye buibui lililofifia mabegani kwa jua na viatu vya kiume vya kufunga kamba, akinunua milingoti na antena ambazo wenyewe walikuwa wamezichoka: za redio ndogo zilizofungwa, za misheni, za vibanda vya simu vya zamani, za nyumba ambazo watoto walikuwa wameleta king'amuzi kutoka Nairobi.

Nitalisema mapema ili lisinikae kooni. Mlingoti mmoja kati ya hiyo yote ulikuwa wetu. Nilikuwa mtangazaji katika stesheni ndogo ya redio pale Malaba, ya kusoma matangazo ya vifo, ya ng'ombe waliopotea na ya mikutano ya machifu, na stesheni hiyo ilipofungwa, ni yeye aliyeununua mlingoti wake. Tangu siku hiyo niliomba asiuuze. Nilifungua duka la chakula cha kuku Busibwabo, nikaolewa, nikanenepa, lakini moyoni nilijiambia kwamba maadamu ule mlingoti uko mzima kwenye ua wake, mimi bado ni mtangazaji, ila nipo likizo. Mtu akiniambia huo ni upumbavu nitamkubalia, na haitabadili kitu.

Watu walimcheka kwa jinsi alivyoogopa kupanda. Mwanamke aliyeishi kwa milingoti hakuweza kusimama juu ya meza. Balbu ikiungua nyumbani kwake aliita jirani. Kazi ya kupanda na kufungua boliti aliwaachia ndugu wawili kutoka Busibwabo, wanaume wembamba wenye maneno machache, naye alikaa chini kwenye kigoda, mgongo umeuelekea mlingoti, akiwaamrisha bila kugeuka. Alisema akiwatazama moyo unamshuka mpaka kwenye viatu. Hata hivyo alijua kwa mlio tu ni boliti gani imefunguliwa, na kama mmoja wao aliacha nati ianguke kwenye nyasi aliisikia, na hapo kazi ilisimama mpaka ipatikane. Nimewahi kuona watu wazima wanne wakitambaa kwenye majani ya viazi wakitafuta nati moja, yeye akiwa amekaa na kunywa chai.

Redio hakuwa nayo. Nilipogundua hilo niliudhika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kudhani kila mtu wa Busia ananisikiliza. Aliniambia redio inamuumiza kichwa, watu wanazungumza bila kungoja jibu. Kwa mtu aliyekuwa mbishi kama yeye, nadhani hilo ndilo lililomkera hasa.

Antena za nyumbani alizinunua kwa jicho tofauti. Miaka ile kabla ya ving'amuzi, nyumba nyingi za mpakani zilikuwa zikigeuza antena ng'ambo, kwa sababu picha za huko zilifika safi kuliko za kwetu. Basi yeye alipita mtaani akisoma mapaa. Nyumba hii mume hayupo, angalia antena inatazama Tororo. Nyumba hii mume amerudi, imegeuzwa Kenya, kuna taarifa ya habari. Kabla hajatoa bei alishika mpini wa antena na kuutikisa. Ukiwa umelegea pale unapokazwa, alitabasamu.

"Hapa mmegombania sana," alimwambia mama mmoja mtaani kwetu.

"Tumegombania nini, Mama?"

"Mpira na sinema. Chuma hiki kimezungushwa mpaka kimechoka. Nitakupa nusu, na mwenzako mwambie nusu nyingine ameila yeye."

Mama yule alicheka mpaka akakaa kizingitini, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya awe yeye, na ambalo lilianzia kwenye kosa. Zamani, kabla sijamjua vizuri, alinunua mlingoti pale Malaba, karibu na mahali trela zinapopanga foleni ya kuvuka. Ulikuwa wa ofisi moja ya mizigo iliyokwisha kufungwa, umesimama tu bila kazi. Mwenyewe aliuuza kwa furaha, ndugu wawili wakapanda, na kufikia adhuhuri ulikuwa umelala juu ya lori. Hakuna aliyefikiria kwamba mji mzima ulikuwa unatumia mlingoti ule kuelekezana. "Shuka mlingotini." "Nipate mlingotini." "Duka liko mlingotini, mkono wa kushoto." Kwa wiki nzima Malaba ilipotea ndani ya Malaba. Kuku wa mtu walishushwa kwa mtu mwingine. Wageni waliokuwa wanakuja kuposa walipitiliza kwa kutazama juu wakiutafuta mlingoti, na waliposhusha macho walikuwa wanaulizwa vitambulisho kwenye geti la kuingia Uganda. Bi harusi mtarajiwa alilia, baba yake akapandisha hasira, na mtu wa kulaumiwa akapatikana.

Mama wa Milingoti alikwenda mwenyewe kuomba radhi kwenye nyumba ile, na spana yake mkobani. Toka hapo akajiwekea desturi ambayo hakuna mfanyabiashara mwingine wa vyuma mpakani aliyekuwa nayo, na ambayo wenzake waliiona ni ya kichaa. Hakuuangusha mlingoti wowote kabla hajakaa chini yake kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kwenye kigoda chake, akimuuliza kila aliyepita na kila aliyeishi jirani swali lile lile: "Huu mlingoti unakufanyia nini?"

Watu walidhani anatania. Kisha wakafikiri, na majibu yakaja. Kule Angurai, kwenye mlingoti wa misheni, mama mmoja alisema waya zinazoushikilia ndizo anazoanikia nguo. Kesho yake, mlingoti uliposhuka, alikuta amesimamishiwa nguzo mbili na waya mpya. Fundi cherehani alisema kivuli chake kikigusa mlango anajua ni saa ya kwenda kuchukua watoto. Huyo aliambiwa anunue saa, lakini kwa upole. Mzee mmoja wa Busibwabo alisema ile taa nyekundu ya juu humwonyesha njia ya nyumbani akiwa amekunywa.

"Hiyo siwezi kukusaidia," Mama alimjibu. "Kunywa mapema."

Ndege aliwakatalia kabisa. Mtu akimwambia kuna kiota huko juu alisema ndege wana mabawa, wajipange. Sijui kwa nini aliwahurumia waanika nguo na asiwahurumie vifaranga, na nilipomuuliza alinitazama kama nimeuliza swali la mtoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alibishana kwa ajili ya boliti moja mpaka mnunuzi akatishia kurudi kwao.

"Nyabo, unaniua. Mimi nimetoka Tororo, gari nimelipa."

"Tororo ni hapo tu, ssebo. Ungetembea ungefika na afya."

Halafu jioni ile ile alituma ndugu wawili na sepetu kwenda kumchimbia mama asiyemjua shimo la nguzo ya kuanikia.

Stesheni yetu haikufa kwa kelele. Matangazo ya biashara yalihamia kwenye simu, kisha vijana wakahamia, kisha hata wafiwa wakaanza kuarifiana kwenye makundi yao ya simu, na mimi nikabaki nikisoma ng'ombe waliopotea, ambao nao wenyewe walikuwa wameshapatikana. Mwenye stesheni alituita, akatushukuru, akasema anauza vitu. Siku mbili tatu baadaye nilichungulia dirishani nikamwona mwanamke mwenye viatu vya kiume akiinama kugonga mguu wa mlingoti. Chuma kililia vizuri. Nilikuwa nimeomba kilie vibaya.

Alikaa pale siku nzima, kama ilivyo desturi yake. Nilimsikia kupitia ukutani akimuuliza muuza chai, akimuuliza mlinzi, akimuuliza katekista wa Angurai aliyekuwa akituletea matangazo ya parokia kwa baiskeli. Muuza chai alisema wateja wake ni watu wa stesheni. Mlinzi alisema akiegemea mlingoti mgongo wake hauumi. Katekista akasema, "Toto, mimi nikiuona kutoka kule mlimani najua maneno yatafika. Sasa sijui." Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha kutangazia, mlango umefungwa, nimekaa mbele ya maikrofoni isiyo na umeme, ninalia machozi ya hasira. Hakuna aliyenigongea. Alasiri niliposikia kigoda kinaondolewa nilifurahi kwamba hakuniuliza, na baadaye nikaudhika kwamba hakuniuliza, na yote mawili niliyahisi kwa nguvu sawa.

Sasa, milingoti mingine yote aliyoleta kwenye ua wake aliiuza vipande vipande. Mlingoti hufunguliwa kama vipande vya ngazi, na kila kipande kina kazi yake kwa mtu: huyu anataka cha kuwekea tangi la maji, kanisa linataka cha kutundikia kengele, yule anataka cha antena yake. Huo ndio ulikuwa mkate wake. Lakini wa kwetu aliulaza nyuma kabisa, juu ya matofali ili nyasi zisiuozeshe, vipande vyote vimepangwa kwa mfuatano, boliti na nati ndani ya gunia, waya zimeviringwa na kupakwa grisi. Wateja waliuona.

"Mama, nikatie viwili kutoka kwa ule."

"Ule haugawanywi."

"Unauza yote pamoja?"

"Sijasema nauza."

Kila siku ya soko nilipokuja Busia kununua mali ya duka nilipita uani kwake. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya ugonjwa wa kuku, juu ya samaki wa Osieko na jinsi wanavyopanda bei wakifika mjini, na juu ya magoti yake yaliyokuwa yanamsumbua. Nilikaa mahali ambapo ningeweza kuchungulia nyuma. Nikiuona mlingoti upo niliaga na kwenda zangu nimetulia. Hakuwahi kuutaja na mimi sikuutaja. Mume wangu alidhani nampenda sana huyo mama, na baada ya muda ikawa hivyo kweli, ingawa sikwenda kwa ajili hiyo.

Juzi juzi hapa, msimu wa mvua ulipokuwa unaanza, mteja wangu aliniambia Mama wa Milingoti anahama. Mwenye kiwanja amepata watu wa kujenga nyumba ya wageni, na yeye magoti yamekataa, binti yake anamchukua akaishi naye Mumias. Niliacha duka wazi na mizani juu ya meza, nikapanda boda boda.

Ua ulikuwa karibu mtupu. Ardhi ilikuwa na alama ndefu za kutu mahali milingoti ilipolala miaka yote. Yeye alikuwa kwenye kigoda, amekonda, fimbo imelala mapajani. Nyuma, juu ya matofali, mlingoti wetu ulikuwa bado upo, wote. Kando yake lori lilikuwa limeegeshwa tupu, dereva na wapakiaji wamekaa kwenye kivuli chake, na walikuwa na sura za watu waliongoja tangu asubuhi.

"Umekawia," aliniambia.

"Sikujua unaningoja."

"Ningekuwa nangoja nani? Hawa wa Osieko wanataka mlingoti tangu mwezi uliopita. Wanausimamisha ufukweni, waweke redio ya kuita boti upepo ukibadilika. Wanauchukua wote, hawaukati. Nimewaambia wangoje."

"Wangoje nini?"

"Jibu lako. Niliuliza watu wote pale Malaba. Ulibaki wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakunigongea mlango siku ile, na kwa nini miaka yote ile nikikaa hapa mbele yake kuzungumzia kuku hakuniuliza.

"Siku ile ulikuwa unalia, na mtu anayelia atakujibu chochote. Halafu ulipoanza kuja, nikasema atasema akiwa tayari. Wewe kila ukija ni kuku, kuku." Alinyoosha goti, akakunja uso. "Sasa mimi sina tena mahali pa kungojea. Huu mlingoti unakufanyia nini?"

Wapakiaji walikuwa wananitazama. Nilitaka kusema haunifanyii kitu, maana ndilo lililokuwa jibu la heshima na lori lilikuwa linalipiwa. Lakini nilikuwa nimemwona mtu huyu akisikiliza chuma, nikajua ataligonga neno langu na kulisikia.

"Unanifanya nidhani mimi bado ni mtangazaji," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama alivyomkubalia yule wa nguo na yule wa kivuli.

"Huko Osieko wana mtu wa kusema?" nilimuuliza.

"Wana msichana. Ana sauti nzuri. Nimemsikia kwa simu."

Iliniuma, na nasema iliniuma kwa sababu ndiyo kweli. Nilikuwa nimejitayarisha kuusikia mlingoti ukikatwa, hata ukifanywa vitanda. Sikuwa nimejitayarisha kuusikia ukipewa sauti ya mtu mwingine. Nikautazama, na grisi mpya kwenye waya zake, na nikafikiria boti zilizoko majini wakati upepo unageuka na hakuna wa kuziita. Yeye hakunihimiza. Ningesema hapana, nina hakika lori lile lingerudi Osieko tupu, naye angetafuta mahali pengine pa kuulaza na magoti yale yale.

"Uuze, Mama."

"Una hakika?"

"Wapakie."

Walipakia kipande kwa kipande, naye aliwahesabia kwa mlio, macho ameyafumba. Gunia la boliti lilikuwa la mwisho. Wakafunga kitambaa chekundu kwenye ncha iliyochomoza nyuma, na dereva akapanda na kuwasha injini.

"Ngoja kwanza," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Usomee tangazo."

"Tangazo gani?"

"Kama yale ulikuwa unasoma. Redio ya jirani ilikuwa inanisumbua kila jioni, nilikuwa nasikia. Lakini usiseme umekufa. Sema unahama."

Nilicheka, nikidhani anatania, kisha nikaona hatanii. Nikasimama kati ya alama zile za kutu. Nilisafisha koo, na sauti niliyodhani imekwisha kwa kuita wateja wa pumba ilitoka kama kwamba nilikuwa nimesoma jana.

"Tangazo. Tangazo hili liwafikie wasikilizaji wetu wote wa Malaba, wa Angurai na wa ng'ambo Tororo. Mlingoti wenu unahama leo kutoka Busia, unakwenda Osieko, ambako utasimama ufukweni na kuita boti. Limfikie muuza chai. Limfikie mlinzi mwenye mgongo. Limfikie katekista popote alipo, ajue kwamba maneno yatafika, ila yatafika ziwani."

Dereva akazima injini ili asikie.

"Na mtangazaji," Mama akasema. "Umemwacha."

Nilikaza fundo la leso yangu, nikaendelea.

"Limfikie pia mtangazaji wa zamani, aliyeko Busibwabo. Ajue kwamba mlingoti umekwenda, na asiungoje tena."

Mama wa Milingoti akaniashiria niendelee, kwa sababu tangazo lina mwisho wake. Nikausema. "Atakayelisikia tangazo hili, amjulishe."